Kutoka Pango la Ilmorog hadi Kidonge Chekundu

Distopia ni jina la kazi za fasihi na filamu zinazobuni jamii ambamo ovu fulani, ambalo tayari limo duniani kwa kiasi, limeachwa likakua mpaka likawa sheria, desturi na mazoea ya kila siku, na lengo la mwandishi huwa ni kumfanya msomaji alishtukie upya jambo ambalo, lilipokuwa dogo, alilipita bila kugeuza shingo. Miongoni mwa maovu ambayo waandishi wa kazi hizo wamekuwa wakiyarudia kwa karibu karne nzima ni chuki dhidi ya wanawake, yaani imani kwamba mwanamke ni kiumbe duni ambaye mwili wake, mali yake na kauli yake havina budi kuwa chini ya mamlaka ya mwanamume. Siku hizi imani hiyo imepata mimbari mpya kwenye skrini za simu, ambako wahubiri wa kile wanachokiita uanaume halisi huwafundisha vijana jinsi ya kuishi katika dunia ambayo, kwa maelezo yao, imetekwa na wanawake. Mtu akiziweka riwaya hizo kando ya mahubiri hayo, huona kwamba mahubiri nayo ni distopia ya aina yake, na kwamba riwaya inayoyaeleza vizuri zaidi kwa msomaji wa Kenya haikutoka London wala New York. Iliandikwa katika Gereza la Kamiti, si mbali na Mwiki.

Mtaa wa Mwiki uko mpakani mwa Kaunti za Nairobi na Kiambu, na jina lake linabebwa na wadi mbili, moja katika eneo bunge la Kasarani na nyingine katika lile la Ruiru. Kama ilivyo mitaa mingi iliyofurika watu kandokando ya Barabara Kuu ya Thika, hasa baada ya barabara hiyo kupanuliwa na kuzinduliwa mwaka wa 2012, wakazi wake wengi ni wapangaji, na wengi wao ni vijana waliotoka vijijini au waliomaliza vyuo, wanaoishi katika chumba kimoja cha ghorofa, wanaoamka alfajiri kuwahi matatu za mjini, na ambao mapato yao hutegemea mjengo, boda boda, kibanda cha simu au kazi za mkataba zinazokatika bila taarifa. Lugha wanayoitumia kuelezea mapenzi imejaa hesabu za fedha. Msichana aliyetumiwa nauli kisha asitokee amekula fare. Mwanamume wa makamo anayemlipia msichana kodi na karo ni sponsa au mubaba. Mvulana anayemtumikia msichana kwa pesa na unyenyekevu bila kupata chochote huitwa simp. Na mama anayelea mtoto peke yake, singo matha, husemwa mitandaoni kama bidhaa iliyokwisha kutumika. Kwamba maneno haya yameshamiri mahali ambapo kodi ya nyumba humsubiri mtu kila mwisho wa mwezi si jambo la kupuuzwa, na wachambuzi wanaokimbilia kulaani chuki pekee huiruka sehemu hii, wakawaachia wahubiri uwanja wote.

Mahubiri yenyewe yana asili ya kigeni na sura ya kienyeji. Wafuasi wa vuguvugu hili, kuanzia Marekani hadi Kenya, huzungumzia kumeza kidonge chekundu, istilahi waliyoichukua kutoka filamu ya The Matrix ya mwaka wa 1999, ambamo shujaa huchagua kati ya kidonge cha buluu kitakachomrudisha usingizini na chekundu kitakachomfumbua macho aone kwamba dunia anayoijua ni udanganyifu. Kwa wafuasi hao, udanganyifu ni usemi kwamba wanawake wameonewa, na ukweli unaofichwa ni kwamba wanaume ndio watumwa. Filamu hiyo, kwa taarifa ya pembeni, ilitungwa na ndugu wawili wa ukoo wa Wachowski ambao baadaye walijitambulisha hadharani kuwa wanawake, habari ambayo wamezaji wa kidonge hawapendi sana kuitaja. Afrika Mashariki nayo ina kidonge chake katika sinema: Wanuri Kahiu, mwongozaji wa Kenya, alitoa mwaka wa 2009 filamu fupi iitwayo Pumzi, inayosimulia maisha ya watu waliojifungia ndani baada ya vita vya maji, na humo mhusika mkuu, Asha, anapoota ndoto ya mti huamriwa na mashine ameze dawa ya kuzima ndoto. Kati ya vidonge hivyo viwili, cha Kahiu ndicho kinachofanana zaidi na kinachosambazwa mitandaoni, kwa kuwa kijana akishakimeza hawezi tena kuwaza uhusiano wowote kati ya mume na mke ila ule wa mwindaji na windo.

Nje ya bara hili, mhubiri anayetajwa zaidi ni Andrew Tate, aliyekamatwa nchini Romania mwezi wa Desemba 2022. Nchini Kenya wanaojulikana ni Eric Amunga, maarufu kama Amerix, aliyejipatia wafuasi wengi kwa mafunzo yake ya uanaume ya kila Jumamosi, na Andrew Kibe, aliyekuwa mtangazaji wa redio kabla ya kuhamia kwenye video. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba malalamiko haya yaliletwa na intaneti, kwa maana miaka mingi kabla ya Jumamosi hizo kilikuwapo chama cha Maendeleo ya Wanaume, chenye jina lililogeuza lile la shirika la Maendeleo ya Wanawake lililoanza mwaka wa 1952, na kiongozi wake, Nderitu Njoka, aliwataka wanaume mwaka wa 2012 wasusie chakula cha nyumbani ili kupinga kupigwa na wake zao. Haki inadai kukiri kwamba si kila linalosemwa katika mafunzo haya ni baya: vijana huhimizwa kuacha pombe, kufanya mazoezi na kuweka akiba, na katika Kaunti ya Kiambu, ambako mwaka wa 2015 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya pombe za bei nafuu na mwaka wa 2018 kaunti ikawalipa walevi wafanye kazi za mtaani ili waache chupa, nasaha ya kuacha pombe haiwezi kudharauliwa. Tatizo ni kile kinachofungwa pamoja na nasaha hiyo katika furushi moja.

Kinachofungwa humo ni hadithi yenye muundo kamili wa distopia. Ina mtawala asiyeonekana, ambaye ni mwanamke akisaidiwa na sheria za nchi. Ina raia waliolala, ambao ni wanaume wanaolipa bila kuuliza. Na ina wachache waliozinduka, ambao ni wasikilizaji wenyewe. Ikipimwa kwa mambo yanayoweza kuhesabika, hadithi hii haisimami. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022 Kenya ilipata magavana wanawake 7 kati ya 47, na hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko zote zilizotangulia. Shirika la Kenya Land Alliance lilipochunguza hati za ardhi zaidi ya 1,000,000 zilizotolewa kati ya mwaka wa 2013 na 2017, lilikuta kwamba asilimia 10.3 ndizo zilizokwenda kwa wanawake peke yao, huku zaidi ya asilimia 86 zikienda kwa wanaume. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka wa 2022 nao uligundua kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 27 ya wanaume vilevile. Takwimu hiyo ya pili ni kubwa, na anayetetea wanawake hana sababu ya kuificha. Ila haisemi kwamba wanaume hao walipigwa na wanawake, kwa kuwa inajumlisha vipigo vya mtu yeyote, wakiwemo walimu, wazazi na askari.

Waandishi wa distopia za kike walilijua soko la hadithi kama hii mapema. Mwaka wa 1937, miaka 12 kabla ya George Orwell kuchapisha riwaya yake ya 1984, Mwingereza Katharine Burdekin alitoa Swastika Night kwa jina bandia la kiume, Murray Constantine, na katika riwaya hiyo Ujerumani ya Hitler imetawala nusu ya dunia kwa karne saba, wanawake wamenyolewa vichwa na kufungiwa mazizini kama mifugo, na wanaume wanamwabudu Hitler kama mungu. Burdekin aliongeza jambo la kinyama na la werevu: watoto wa kike wameanza kupungua, na watawala waliojenga dini nzima juu ya dharau kwa wanawake wanagundua kwa hofu kwamba himaya yao itakufa kwa kukosa wazazi. Margaret Atwood wa Kanada, katika The Handmaid's Tale ya mwaka wa 1985, alijiwekea sharti la kutoingiza dhuluma yoyote ambayo binadamu hawakuwahi kuitenda mahali fulani, na tukio lake la kutisha kuliko yote halina damu. Siku moja akaunti za wanawake zinafungwa kwa amri ya kompyuta, fedha zao zinahamishiwa kwa waume au jamaa zao wa kiume, na kazi zao zinakoma kabla ya jioni. Msomaji wa Kenya, ambaye tangu mwaka wa 2007 amezoea kuweka fedha zake katika M-PESA, haelezwi mara mbili jinsi jambo hilo lingewezekana.

Lakini jamhuri ya Atwood ni ya Kimarekani na ya Kipuritani, na kuna kitu inachokosa ambacho riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o inacho tele, nacho ni biashara. Ngũgĩ, mzaliwa wa Limuru katika Kiambu hiyohiyo, alikamatwa mwishoni mwa mwaka wa 1977 baada ya mchezo ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, akawekwa kizuizini Kamiti kwa karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na humo akaandika kwa Kikuyu, kwenye karatasi za chooni, riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1980 na kutoka kwa Kiswahili mwaka wa 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Wahakiki huiita tashtiti, yaani maandishi yanayochoma kwa kejeli, na wengi huisoma kama shambulio dhidi ya ubepari wa mamboleo. Ni halali pia kuisoma kama distopia, kwa sababu inabuni karamu ya Shetani katika pango la Ilmorog ambamo wezi na wanyang'anyi wanashindana hadharani kutafuta saba walio hodari kuliko wote, na kila mshindani anasimama kujisifu kwa maovu ambayo nje ya pango hufanywa kwa siri. Mmoja anapendekeza kuwauzia wakulima udongo ndani ya mikebe, na ikiwezekana hewa pia.

Mshindani anayehusika zaidi na mada hii ni Nditika wa Ngũũnji, mla rushwa na mlanguzi anayetamani kiwanda cha viungo vya akiba vya mwili, ili tajiri awe na midomo miwili, matumbo mawili, mioyo miwili na hata viungo viwili vya uzazi, asife kamwe wala asikose raha. Anapomwelezea mkewe mpango huo, mke anafurahi na kudai naye apate jozi yake kamili, kwa hoja kwamba jinsia zote ni sawa. Mume anapandwa na hasira, anamwambia kwamba habari za usawa ni za Wazungu na kwamba Waafrika wana mila zao, kisha anampiga usoni. Kurasa hizo mbili tatu zina muhtasari wa mahubiri ya sasa. Mtu ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya bidhaa za kigeni, benki za kigeni na tamaa isiyo na kabila hakumbuki mila mpaka mkewe anapodai sehemu yake, na hapo mila inakumbukwa ghafla, ikiwa na kofi mkononi.

Ngũgĩ hakuibuni sauti hiyo kutoka hewani. Mwaka wa 1969 Bunge la Kenya lilifuta sheria ya mwaka wa 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto gharama za malezi mahakamani, na hoja zilizotolewa, kwamba wanawake wanazaa ili wajitajirishe na kwamba sheria hiyo inaharibu maadili ya Kiafrika, zingeweza kupandishwa leo mtandaoni bila kubadilishwa hata nukta. Mswada wa ndoa ulioletwa mwaka wa 1976 ulikataliwa. Uliporudishwa mwaka wa 1979 ukakataliwa tena, huku baadhi ya wabunge wakilalamika kwamba ungewanyima waume haki ya kuwarudi wake zao. Sheria ya kuunganisha ndoa za aina zote ilipopatikana hatimaye mwaka wa 2014, wabunge wa kiume waliondoa kifungu kilichomtaka mume amshauri mke wa kwanza kabla ya kuongeza mwingine, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Riwaya iliyoandikwa Kamiti mwaka wa 1978 inaweza basi kusomwa kama kumbukumbu rasmi za Bunge, zikiwa zimetiwa chumvi kidogo tu.

Mhusika mkuu wa riwaya hiyo, Jacinta Warĩinga, amepitia karibu kila kituo ambacho vijana wa Mwiki wana jina lake. Akiwa msichana wa shule alipachikwa mimba na Tajiri Mzee wa Ngorika, ambaye leo angeitwa sponsa, akaachwa, akajaribu kujitupa mbele ya gari la moshi. Baadaye, akiwa karani wa kupiga chapa jijini Nairobi, anafukuzwa kazi kwa kumkataa Bosi Kĩhara, na jioni hiyohiyo mpenzi wake anamwacha kwa madai kwamba amekuwa hawara wa bosi huyo. Mtego umefungwa pande zote mbili, kwa maana akikubali ni malaya na akikataa ni malaya. Ngũgĩ anaonyesha pia kwamba mwenye nyumba anayemtoa Warĩinga chumbani kwa sababu ya kodi hana tofauti na hao wengine, na hapa ndipo riwaya yake inapowashinda wahubiri kwa maarifa: kodi inayomtesa msichana ndiyo inayomtesa mvulana aliyeliwa fare, ila mvulana ameambiwa amkasirikie msichana, mwenye nyumba akasahauliwa.

Pango la Ilmorog linafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine. Majukwaa ya video hulipwa na watangazaji kwa muda ambao mtazamaji hubaki akitazama, na programu zinazochagua video ya kufuata zimejifunza kwamba hasira humshikilia mtu kuliko furaha, hivyo mhubiri anayetukana hufika mbali zaidi ya anayefundisha kuweka akiba, hata kama ni mtu yuleyule. Juu ya hapo huja vitabu, masomo ya kulipia na vikundi vya ada ya kila mwezi. Kijana anayelalamika kwamba wanawake wanamla pesa anazungukwa na wanaume wanaomuuzia malalamiko yake mwenyewe, na kumuuzia mtu hewa yake kulikuwa, kama ilivyotajwa, pendekezo la pangoni.

Kuna doa ambalo mjadala huu hauwezi kulikwepa. Machi 2024, mwaka mmoja na ushei kabla ya Ngũgĩ kufariki mwezi wa Mei 2025, mwanawe Mũkoma wa Ngũgĩ, ambaye pia ni mwandishi, alitangaza mtandaoni kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yao, Nyambura. Wasomaji waligawanyika: wengine walimshutumu mwana kwa kumvunjia baba heshima na kuanika ya nyumbani, wengine wakaona kwamba kimya cha miaka mingi ndicho kilichopaswa kushutumiwa. Dai la mwana halifuti ukurasa wa Nditika, bali linaufanya uwe mgumu zaidi kusomwa, kwa sababu linamwondolea msomaji faraja ya kudhani kwamba kofi ni la walanguzi na wezi peke yao, na kwamba mpigania haki hawezi kulitoa. Wanaomtetea mwandishi kwa kumnyamazisha mwana wanatumia hoja ileile ya mila ambayo riwaya yenyewe iliifanyia mzaha.

Kinachotenganisha chuki ya kwenye simu na ile ya mwilini ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka wa 2014, katika Githurai, jirani ya Mwiki, abiria alivuliwa nguo na kudhalilishwa ndani ya matatu, video ikasambazwa, na mwezi wa Novemba mwaka huo, baada ya wanawake wengine kuvuliwa nguo mjini, maandamano yakafanyika Nairobi kudai haki ya mwanamke kuvaa apendavyo. Mwaka wa 2017 mahakama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kesi ya Githurai, kwa kosa la wizi wa mabavu lililoambatana na udhalilishaji huo, na inafaa kutambua kwamba adhabu iliyotikisa watu ilitokana na mali iliyoibwa. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, lakini hali haikutulia, kwa kuwa polisi walisema wanawake 97 waliuawa katika miezi mitatu tu, Agosti hadi Oktoba mwaka huo. Si rahisi kuthibitisha kwamba muuaji fulani alimsikiliza mhubiri fulani, na mwandishi makini hapaswi kudai hivyo. Kinachoonekana wazi ni maoni yanayoandikwa chini ya kila habari ya kifo, yanayouliza marehemu alikula pesa za nani.

Mwisho wa Shetani Msalabani unamwonyesha Warĩinga, ambaye sasa ni fundi wa mitambo aliyesomea karakana na kujifunza judo, akigundua kwamba baba ya mchumba wake Gatuĩria ni Tajiri Mzee wa Ngorika mwenyewe, na anampiga risasi. Wahakiki wamebishana sana juu ya risasi hiyo, wengine wakiiona ukombozi na wengine kisasi kisichobadilisha mfumo, lakini wachache wamejishughulisha na Gatuĩria, mwanamuziki msomi, mpole, anayempenda Warĩinga kwa dhati na ambaye kitabu kinamwacha amesimama asijue kama ashughulikie maiti ya baba, amtulize mama au amfuate mchumba. Huo ndio udhaifu mkubwa wa riwaya hiyo, na ni udhaifu wa distopia za utanzu huu kwa jumla: humjua dhalimu mpaka kucha zake na humpa mwanamke njia ya kutoka, ila kijana wa kiume ambaye hajawa dhalimu na hataki kuwa hupewa nafasi ya mtazamaji. Wahubiri wa mtandaoni wamempa Gatuĩria ratiba ya alfajiri, mazoezi, akiba, kundi la wenzake na adui wa kulaumu. Waandishi wanaowapinga bado wamemwandikia zaidi yale asiyopaswa kufanya.